Jumamosi Hamsini na Mbili za Nyangau

Nyangau Machogu aliajiriwa kuendesha kinu cha kusagia nafaka katika soko la Nyakoe siku ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1964. Tarehe hiyo imeandikwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi ya dukani, na chini yake pana sahihi ya tajiri wake, Farah Abdikarim. Karatasi yenyewe imo ndani ya Biblia ya Nyangau, katika Kutoka, sura ya ishirini. Ukurasa huo hakuuchagua ovyo. Ndipo palipoandikwa habari za siku ya Sabato, na Sabato ndiyo iliyomleta Nyakoe.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa ametoka kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho, alikoacha kazi ya kuangalia mitambo kwa sababu zamu yake ilikuwa imehamishiwa Jumamosi. Farah alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, duka la baba yake na la babu yake kabla yake, na alikuwa amenunua mashine ya dizeli aifunge Nyakoe. Alihitaji mtu anayejua injini. Nyangau aliijua injini kwa kuisikiliza tu, kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake.

"Nitafanya kazi yote utakayonipa, tajiri," Nyangau alimwambia. "Lakini jua likizama Ijumaa, mimi sipo. Nitarudi Jumapili asubuhi."

"Jumamosi ndiyo siku ya watu kusaga."

"Basi watasaga Ijumaa."

Farah alicheka. Yeye mwenyewe hufunga duka Ijumaa adhuhuri akaenda msikitini, na hajawahi kumwomba mteja radhi kwa jambo hilo. Tena alijua kwamba nusu ya watu wa Nyakoe ni Wasabato na wasingekuja kinuni siku hiyo hata mlango ungekuwa wazi. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hatoi kitu bila kupata kitu.

"Mwaka una Jumamosi hamsini na mbili," alisema. "Nikikupa zote, hiyo ndiyo likizo yako. Usije siku moja ukaniambia unataka likizo nyingine."

"Sitakuja."

Wakapeana mikono. Nyangau alikwenda nyumbani akiwa na furaha, akamwambia mkewe Bitutu kwamba amepata tajiri mwema. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Kinu hicho kimefungwa chini ya paa la bati, nyuma ya safu ya maduka. Mlio wake husikika hadi ng'ambo ya bonde. Wanawake walioko mashambani huusikiliza kabla ya kufunga safari: mashine ikinguruma kwa sauti nzito, wanajua nafaka imejaa na foleni ni ndefu, ikirukaruka kwa sauti nyepesi, wanajitwika debe na kuondoka mara moja. Nyangau huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa miaka mingi alifunga pale mtu wa mwisho alipopata unga wake, na chakula cha mchana alikula amesimama, mkono mmoja ukiwa na ndizi ya kuchemsha na mwingine ukiwa kwenye mdomo wa kinu.

Ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja. Mahindi meupe husagwa kwanza, ya manjano yakafuata, na wimbi huja alasiri. Anayefika na wimbi asubuhi atangoja, hata awe mke wa chifu. Wimbi likitangulia, unga wa mahindi wa yule anayefuata hutoka na rangi ya udongo, naye atakwenda nyumbani akiamini amebadilishiwa nafaka. Kila gunia au debe likimalizika, Nyangau huchukua unga kidogo na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa na chembechembe, huurudisha kinuni bila kumwuliza mwenyewe. Vumbi limemkaa kwenye nyusi na masikioni, kiasi kwamba watoto walianza kumwita "babu" kabla hajafika miaka thelathini na mitano. Hakuwakataza. Alisema cheo ni cheo.

Nyumbani kwake ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni, upande wa Marani, kwenye mteremko ambao mgeni akiuona huuliza watu wanasimamaje wakilima. Wanalima. Bitutu ana ekari tatu hapo: mahindi juu, migomba katikati, wimbi chini. Hakuna mke anayeweza kupalilia ekari tatu za namna hiyo peke yake, na ndiyo sababu vilima hivi vina egesangio, yaani kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Kikundi cha Bitutu kina nyumba nane, za Wasabato na Wakatoliki, kwa hiyo hakilimi Jumamosi wala Jumapili. Kanuni yake ni fupi: kila nyumba hutoa majembe mawili.

Nyumba ya Nyangau ilitoa moja. Jembe la pili lilikuwa Nyakoe, limefunikwa unga.

Kwa miaka kumi na miwili Bitutu aliziba pengo hilo kwa njia yake. Kikundi huanza alfajiri na kuachana saa sita. Wenzake walipokwenda nyumbani yeye alibaki katika shamba la jirani hadi alasiri, akilima sehemu ambayo mumewe angelima. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema hapendi kudaiwa siku na mtu. Watoto walikua wakijua kwamba msimu wa palizi chakula cha mchana kitapikwa na Nyamusi, binti yao wa kwanza, kwa kuwa mama bado yuko kwa watu.

Mnamo Desemba 1976 Bitutu aliteleza kwenye njia ya kisimani akiwa na mtungi kichwani, akaumia goti. Januari ilipofika aliweza kutembea, lakini si kuinama kutwa nzima. Ndipo Kwamboka alipomjia na mkungu wa ndizi. Kwamboka ndiye kiongozi wa kikundi, mjane mwenye sauti ya kengele, na kwa kawaida akileta ndizi huwa ana jambo la kusema baada yake.

"Mama Nyamusi, goti linaendeleaje?"

"Linaniamsha kabla ya jogoo."

"Pole. Sasa nisikilize, nimetumwa, si maneno yangu peke yangu. Watu wanasema wamelima kwa Nyangau miaka kumi na miwili na hawajaona jasho la Nyangau. Walinyamaza kwa sababu yako. Mwaka huu huwezi kulima kwa majembe mawili."

"Hilo naliona."

"Basi palizi ikianza, jembe la pili la nyumba hii lionekane siku ya kwanza, na lishikwe na mwenyewe. Lisipoonekana, tutaingiza nyumba nyingine mahali penu."

"Na wimbi langu nani atalipalilia, Kwamboka? Ng'ombe?"

"Ng'ombe atalimaliza siku moja," Kwamboka alijibu. "Mwambie baba Nyamusi."

Haukuwa mzaha. Wimbi lina magugu yake yanayofanana nalo, wimbi-mwitu, na mmea mmoja hutofautishwa na mwenzake kwa kutazama shina karibu na udongo. Kazi hiyo ni ya vidole, na ina majuma kama matatu tu. Yakipita, wimbi-mwitu hulizidi wimbi lenyewe, na nyumba hiyo haitakula obokima, ugali wa wimbi, hadi mwaka mwingine. Nje ya egesangio, shamba la Bitutu la mwaka 1977 lilikuwa limekwisha kabla ya kupandwa.

Nyangau aliambiwa hayo jioni ileile. Akasema ataona.

Wiki hiyohiyo, Jumanne tarehe 18, ofisa wa leba alifika Nyakoe. Aliitwa Ondieki, kijana wa upande wa Nyamira, mwenye tai na daftari. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya ajira, naye alikuwa akipita sokoni kuuliza wafanyakazi maswali. Alimkuta Nyangau akikaza mkanda wa mashine.

"Mzee, unapumzika siku gani?"

"Sabato."

"Vizuri. Na likizo ya mwaka, huwa unakwenda?"

"Ndiyo, huwa nakwenda."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jumamosi iliyopita."

Ondieki aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. Akamwomba aeleze, na Nyangau akaeleza mapatano ya 1964 kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha ng'ombe mzuri aliyemnunua kwa bei nafuu. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, kila mfanyakazi ana haki ya kupumzika siku moja katika kila siku saba. Hiyo ni moja. Kisha, akimaliza mwaka, ana haki ya siku ishirini na moja za likizo na mshahara wake. Hiyo ni ya pili. Ya kwanza haili ya pili."

"Lakini mimi nilikubali."

"Mtu hawezi kukubali kupata pungufu ya sheria. Hata ukiapa."

"Mimi siapi," Nyangau alisema. "Nilisema ndiyo, basi."

Ondieki alitaka kumwandikia Farah barua siku hiyohiyo. Nyangau akamsihi asiandike. Alisema atazungumza na tajiri mwenyewe, kwa sababu mapatano yalikuwa ya watu wawili na barua ya serikali itamfanya aonekane mchongezi. Ofisa alimpa hadi mwisho wa Februari.

Ni rahisi kumwona Nyangau kuwa mjinga hapa, nayo si haki. Alijua kusoma, na alielewa vizuri alichoambiwa. Shida yake ilikuwa kwingine. Kericho alifukuzwa na Jumamosi, na hapa mtu wa dini nyingine alikuwa amempa Jumamosi zote bila kumdharau. Moyoni mwake hiyo ilikuwa zawadi, na mtu aliyepewa zawadi kubwa namna hiyo haanzi kuuliza kama kuna nyingine. Kwa hiyo alikaa kimya. Wiki moja, wiki ya pili, wiki ya nne.

Bitutu alizisikia habari za ofisa kutoka kwa wanawake wa foleni. Alimngojea mumewe mlangoni.

"Baba Nyamusi, nasikia una siku ishirini na moja mfukoni."

"Nani kakuambia?"

"Nyakoe nzima inajua. Ni mimi tu mwenye goti nisiyejua."

"Nilimpa Farah neno langu."

"Na mimi uliponioa mbele ya kanisa, ulinipa nini? Kikohozi?"

Nyangau alimpita mlangoni akaingia ndani. Watoto walikwenda nje kucheka.

Farah huja Nyakoe kila Jumapili kuangalia kinu chake. Jumapili tarehe 20 Februari Nyangau alingoja foleni ipungue, akafuta mikono, akamwomba tajiri wazungumze kando. Alisema alichotumwa na goti la Bitutu, na alisema vibaya, kwa kuanzia mwisho. Farah alisikia neno "ofisa" kabla ya kusikia neno "palizi", na uso wake ukabadilika.

"Nyangau, tulipeana mkono au hatukupeana?"

"Tulipeana, tajiri."

"Nimewahi kukuita Jumamosi hata moja? Mashine ilipovunjika mwaka wa sabini na moja, watu wakanitukana hadi dukani, nilikuita?"

"Hukuniita."

"Sasa unataka Sabato na unataka likizo. Hata Wazungu waliokwenda zao hawakupumzika hivyo. Chagua. Ukitaka siku ishirini na moja, nitakupa, lakini Jumamosi kinu kifunguliwe. Ukitaka Jumamosi, baki na Jumamosi."

"Nimesikia," alisema Nyangau, akarudi kwenye mashine.

Farah amekiri baadaye, bila kuulizwa sana, kwamba siku hiyo alikuwa na hofu kuliko hasira. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuendesha kinu kile. Mkanda wake una tabia ya kuteleza mashine ikipata moto, na dawa yake aliijua Nyangau peke yake. Siku ishirini na moja bila Nyangau zilikuwa siku ishirini na moja za bati lililofungwa na wateja waliohamia kinu cha Birongo.

Nyumbani, Bitutu alitaka kujua yaliyosemwa.

"Amesema nichague."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nimesikia."

"Umesikia!" Bitutu alisema. Aliketi akinyoosha mguu wake mbaya, akaliwaza neno lile la kuchagua. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Huyo karani wake wa duka la mjini, Angwenyi wa kilima cha pili, yeye alichagua nini?"

Nyangau alisema hajui. Hajawahi kulifikiria.

Jumapili iliyofuata, tarehe 27, Bitutu alishuka Nyakoe kwa fimbo, na beseni la wimbi kichwani. Njia ya saa moja ilimchukua saa mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na Kwamboka alikuwa katikati yake na debe la mahindi. Nyangau alipomwona mkewe alifurahi, kisha akaona lililo ndani ya beseni.

"Wimbi ni alasiri," alimwambia.

"Najua. Nitangoja."

Wanawake wakacheka. "Huyu hata mke wake hampitishi!" mmoja alisema.

Farah alitoka kibandani akamsalimu kwa Ekegusii, lugha anayoizungumza vizuri lakini kwa sauti ya sokoni. "Bwakire, mama Nyamusi. Goti vipi?"

"Bwakire, tajiri. Goti lipo." Kisha Bitutu akageukia Kiswahili, kile cha shule, akikiendea polepole ili kisimponyoke. "Tajiri, duka lako la mjini leo limefunguliwa?"

"Leo Jumapili, mama. Angwenyi yuko kanisani."

"Jumapili zote?"

"Zote. Yeye ni Mkatoliki."

"Mwezi wa kumi na mbili nilimwona Angwenyi kwao siku nyingi, akijenga jiko la mama yake. Nikahuzunika. Nikadhani umemfukuza kazi."

"Nimfukuze kwa nini? Alikuwa likizo."

Nyangau alipunguza kasi ya mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya foleni ikiwa ndefu. Sasa kila mtu alisikia.

"Basi nifundishe, tajiri, maana mimi niliishia darasa la nne. Jumapili ya Angwenyi ni kupumzika, na likizo anakwenda. Jumamosi ya mume wangu, hiyo unaiita likizo. Na Jumapili mume wangu yuko hapa, anakusagia. Angwenyi amefanya nini kizuri ambacho Nyangau hakufanya?"

Farah alifungua mdomo. Kwamboka akamtangulia kutoka kwenye foleni.

"Na wewe Bwana Farah, Ijumaa ukifunga duka ukaenda msikitini, ile ni likizo ya mwaka gani? Nataka kujua tu. Nina misumari ya kununua."

Foleni nzima ilicheka, na mwanamke mmoja akalazimika kuweka debe lake chini. Farah hakucheka. Alitazama mashine, akamtazama Nyangau, akawatazama wanawake mmoja mmoja kama anayetafuta kati yao mtu wa kumtetea. Hakumwona.

"Mama," alisema mwishowe, "umekuja kusaga wimbi au umekuja kunisaga mimi?"

"Wimbi ni alasiri," Bitutu akajibu. "Asubuhi nina nafasi."

Hapo Farah alicheka. Akamsogelea Nyangau.

"Kwa nini hukuniambia hivi wiki iliyopita?"

"Sikuwa nimefikiria, tajiri."

Alisema kweli. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuona kwamba Jumamosi yake ilikuwa Jumapili ya mwenzake, siku moja kwa siku moja, na kwamba Farah hakumpa kitu ambacho hakumpa karani wake. Aliitazama Jumamosi kwa shukrani, na shukrani ile ilimziba macho. Farah naye hakuwa amehesabu. Kwake Jumapili ilikuwa ya kila mtu, kama mvua, na Jumamosi ilikuwa ya Nyangau.

Lakini kinu bado kilihitaji mtu. Kati ya Jumapili ile na palizi palikuwa na majuma manne, na Farah akaamua kwamba mtu huyo atakuwa yeye. Alikuja Nyakoe Jumapili tatu mfululizo amevaa koti kuukuu, akafundishwa na mwajiriwa wake. Kwa mujibu wa wanawake wa foleni, Nyangau alikuwa mwalimu mkali.

"Sikiliza, tajiri. Unasikia?"

"Nasikia kelele."

"Hiyo si kelele. Anasema mkanda umepata moto. Ngoja aseme tena."

Farah aliandika barua ya likizo kwa mkono wake na nakala akampelekea Ondieki. Ilitaja siku ishirini na moja za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 28 Machi 1977, mshahara ukiwa kamili. Ofisa alipoipokea aliongeza neno kuhusu saa za kazi, na tangu mwezi huo kinu cha Nyakoe hufungwa saa kumi na moja jioni, foleni iwepo isiwepo. Wanawake walilalamika juma moja, kisha wakaanza kuja mapema.

Alfajiri ya Jumatatu hiyo Nyangau alifika katika shamba la kwanza akiwa na jembe jipya. Majirani walilisifu jembe. Kufikia saa tatu viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Mikono ya kinuni ni mikono laini. Unga huing'arisha kama mafuta. Kwamboka alimshika mkono, akaugeuza mbele ya watu.

"Tazameni, mkono wa bibi harusi! Baba Nyamusi, nikuletee samli?"

"Niletee maji tu, Kwamboka."

Siku ya tatu walimweka kwenye wimbi. Alipalilia kwa bidii mstari mzima kabla ya mtu kugundua kwamba anang'oa wimbi na kuacha wimbi-mwitu. Mwenye shamba alitaka kulia. Mtu huyu aliyeweza kutambua, kwa vidole viwili tu, kama unga wa wimbi umelainika, hakuwa amewahi kulitazama wimbi likiwa na majani. Kwamboka alimhamishia kwenye mahindi, akaagiza asisogee karibu na wimbi la mtu yeyote isipokuwa la mkewe. Bitutu alimfundisha nyumbani, ameketi kwenye kigoda, akionyesha mashina kwa ncha ya fimbo. Alijifunza kwa siku mbili. Bitutu anasema ni siku mbili zilizompendeza kuliko nyingi, kwa kuwa hawakuwa wamekaa pamoja shambani tangu Nyamusi alipokuwa mgongoni.

Jumapili ya kwanza ya likizo ilimshinda. Egesangio haikulima, wala kanisa lake halikuwa na ibada. Saa nne asubuhi alionekana Nyakoe, amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akisikiliza mashine. Farah alimwona kupitia vumbi.

"Unataka nini?"

"Mkanda unateleza, tajiri."

"Uache uteleze! Nenda likizo!"

Alikwenda. Kuhusu unga wa majuma hayo, maoni yanatofautiana. Farah anasema ulikuwa mzuri. Wanawake wengi wanasema ulikuwa na chembe za kuvunja meno, na mara mbili mahindi meupe yalifuata wimbi. Wengine walisaga debe moja tu na kungoja. Nyangau aliporudi Alhamisi, tarehe 21 Aprili, foleni ilianzia mlangoni ikafika barabarani, na Farah alimkabidhi funguo. Akaketi juu ya gunia, akalala usingizi.

Nyumba ya Nyangau haikutolewa kwenye egesangio. Wimbi la Bitutu lilipaliliwa kwa wakati, likavunwa Agosti, na sehemu ya chini ya mteremko ilijaza ghala mbili ndogo. Goti lake limepona kiasi. Haondoki tena wa mwisho katika mashamba ya watu. Saa sita ikifika huenda nyumbani na wenzake, na wakati mwingine huwatangulia.

Ondieki alimwuliza Nyangau kama anataka jambo lolote lifanywe kuhusu miaka kumi na miwili iliyopita. Alikataa. Alisema katika miaka hiyo alikuwa akitimiza neno lake, na hajasikia mtu akidai fidia kwa sababu alitimiza neno. Bitutu hakubaliani naye katika hilo, na husema hivyo waziwazi, wageni wakiwepo.

Jembe bado ni jipya kuliko ya majirani. Viganja vimerudi kuwa laini.

Likizo yake ya mwaka huu, 1978, inaanza Jumatatu, tarehe 3 Aprili. Farah atashika kinu. Kikundi kitaanza kwa Kwamboka, na zamu ya shamba la Bitutu ni siku ya sita.